Kaa Samawati na Upungufu wa Darasa Letu

Wahenga walinena kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Methali hii ina ukweli wake njiani na sokoni, lakini katika darasa la sayansi haisimami hata kwa dakika moja. Huko, mwenye macho ndiye anayestahili kuambiwa atazame, tena aambiwe mara ya pili na ya tatu, kisha aambiwe: sasa andika ulichokiona. Hapo ndipo penye upungufu mkubwa katika elimu yetu, na upungufu wenyewe si wa macho bali ni wa lugha.

Chukua mfano wa mwanafunzi wa Mbaraki, upande ule wa kisiwa cha Mombasa unaotazama maji ya Kilindini. Mwanafunzi huyu amewaona kaa tangu utotoni. Mpe karatasi, kisha umwombe akueleze kaa mmoja kwa Kiswahili, kwa namna ambayo mtu asiyemwona ataweza kumtambua miongoni mwa kaa wengine kumi. Aghalabu utapata sentensi mbili: kaa ni mnyama wa pwani mwenye miguu mingi, kaa hutembea upande upande. Maneno hayo ni kweli, lakini ni kweli kwa kaa wote. Hayamtambulishi kaa yeyote. Ni kama kumtafuta mtu katika kivuko cha Likoni ukiwa umeambiwa tu kwamba ana pua na masikio.

Je, jambo hili lina uzito gani hata likaandikiwa makala? Jibu liko katika tope la mikoko yetu wenyewe.

Mwaka 2004, katika jarida la elimu ya wanyama la Jumuiya ya Linnaeus ya London, wataalamu wawili, David Gillikin na Christoph Schubart, walichapisha maelezo ya spishi mpya ya kaa wa mikoko kutoka Kenya. Walimpa jina la Perisesarma samawati. Naam, samawati, neno letu la rangi ya mbingu isiyo na wingu. Kaa huyu hakuletwa na meli juzi. Alikuwa hapo siku zote, akila majani yaliyoanguka na kuyaburura shimoni mwake. Lakini kabla ya mwaka huo alihesabiwa kuwa ni kaa mwingine aliyemshabihi, aitwaye guttatum, neno la Kilatini lenye maana ya mwenye madoadoa. Wawili walichukuliwa kuwa mmoja, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameandika, waziwazi na kwa utaratibu, tofauti zilizowatenga.

Tafakari jambo hili, ndugu msomaji. Neno la Kiswahili limeingia katika orodha ya viumbe wa dunia, na litabaki humo maadamu sayansi ipo. Lakini maelezo yaliyolibeba neno hilo, yaani gamba lilivyo, gando lilivyo, miguu ilivyo, hayakuandikwa kwa Kiswahili. Lugha yetu ilitoa jina, ikanyamaza. Kwa maoni yangu, kunyamaza huko si jambo la lazima, na shule zetu zaweza kukukomesha.

Kwanza tuelewe kueleza spishi mpya ni kufanya nini hasa. Watu wengi hudhani kwamba mtaalamu humwona mnyama asiyemjua, akampa jina, basi kazi ikaisha. La hasha. Jina ndilo jepesi katika kazi hiyo. Kanuni za kimataifa za kuwapa wanyama majina, ambazo huhesabu mwanzo wake kutoka kitabu cha Linnaeus cha mwaka 1758, zinadai kwamba jina jipya liambatane na maneno yanayotaja sifa za kumtofautisha kiumbe huyo na wengine. Zinadai pia kiteuliwe kielelezo kimoja, yaani mwili wa mnyama mmoja, ambao hutunzwa katika jumba la makumbusho ili kila mwenye shaka baadaye aende akautazame. Jina lisilo na maelezo ya namna hiyo halina nguvu. Ni sauti tu.

Mwalimu anaweza kulifafanua jambo hili bila ya darubini. Hapo Mbaraki pana mnara maarufu wa kale, kando ya mahali penye msikiti wa zamani. Mwambie mwanafunzi auandike mnara huo. Atasema ni mrefu, ni wa mawe ya matumbawe, ni wa kale, uko karibu na maji. Sasa muulize: je, maneno hayo hayafai pia kwa nguzo ya Vasco da Gama iliyoko Malindi? Nayo ni ya matumbawe, ni ya kale, iko baharini. Hapo mwanafunzi atalazimika kurudi na kutazama upya. Atagundua kwamba nguzo ya Malindi ina msalaba kileleni na ule wa Mbaraki hauna. Kwamba mnara wa Mbaraki una uwazi ndani yake. Kwamba umbo la mmoja si umbo la mwingine. Sentensi zake za kwanza zilikuwa maelezo. Sentensi za pili ni utambuzi. Maelezo husema kitu kilivyo. Utambuzi husema kitu hiki si kile. Mwanasayansi huhitaji yote mawili, na huyo mwanafunzi ameyapata yote mawili kwa kutazama mnara alioupita kila siku.

Turudi kwa kaa. Katika ukoo huu wa kaa wa mikoko, sifa ambazo mtu wa kawaida huziona kwanza sizo zote zenye kuaminika. Rangi ni mfano mzuri. Kaa akiwa hai, rangi ya gando na ya uso humsaidia sana mtazamaji. Lakini kaa huyo akitiwa katika chupa ya alkoholi ili ahifadhiwe, rangi hufifia na hatimaye kupotea. Mtaalamu aliye katika makumbusho ya mbali, mwenye chupa mbele yake, hawezi kujua kama kaa huyo alikuwa na wekundu au usamawati. Anayejua ni yule aliyesimama topeni siku alipokamatwa. Asipoandika papo hapo, ushahidi umekwenda.

Kwa hiyo wataalamu hutafuta sifa zisizofutika. Hupima upana wa gamba na urefu wake. Huhesabu vinundu vilivyopangana juu ya kidole kinachocheza cha gando la dume, na hutazama kama vinundu hivyo ni vya mviringo au vya kuchongoka, vimekaribiana au vimeachana. Wahenga walisema kaa akiinua gando mambo yamekatika. Katika elimu ya kaa hawa, mara nyingi gando ndilo linalokata shauri kweli. Aidha huchunguza viungo vya uzazi vya dume, kwani hivyo hutofautiana baina ya spishi hata pale ambapo miili inalingana. Katika suala la samawati, vipimo vya chembe za urithi navyo vilithibitisha kwamba hawa ni wawili wala si mmoja.

Lakini hata jino moja laweza kuwadanganya mabingwa. Pembeni mwa gamba la kaa hawa, nyuma kidogo ya jicho, baadhi yao wana kijino. Kwa muda mrefu kijino hicho kilitumiwa kuitenga jenasi ya Perisesarma, ambayo inacho, na jenasi ya Parasesarma, ambayo haina. Ilikuwa alama rahisi, ya kuonekana kwa macho. Kisha Adnan Shahdadi na Schubart waliipitia upya jamii nzima, na katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 wakaonyesha kwamba kijino hicho si ushahidi wa kutegemewa wa nasaba. Leo kaa wetu anaitwa Parasesarma samawati. Jina la ukoo limebadilika. Jina lake la Kiswahili limebaki pale pale.

Kisa hiki kina funzo kubwa kwa mwanafunzi. Sifa inayoonekana upesi si lazima iwe sifa yenye maana. Na hili si la kaa peke yao. Wako wadudu wa jamii ya Trikoptera, jina la Kigiriki lenye maana ya mabawa yenye nywele. Mdudu mzima hufanana na nondo mdogo wa rangi ya udongo, na mtu anaweza kuwaona mia moja wakizunguka taa asione tofauti baina yao. Lakini spishi zao zilizokwisha elezwa duniani zinazidi 16,000. Nyingi kati ya hizo hutambuliwa kwa viungo vya ncha ya tumbo la dume, ambavyo ni lazima visafishwe kwa dawa na kutazamwa kwa darubini. Mwaka 1995 Alice Wells na Trond Andersen walichapisha uchunguzi juu ya wale wadogo kabisa wa jamii hiyo kutoka Tanzania, wadudu wa milimita chache tu, ambao mtu angewapangusa mezani kama vumbi.

Mwanafunzi wa Mbaraki atauliza: wadudu hao wa mtoni wanamhusu nini, na kisiwa chake hakina mto? Wanamhusu sana. Maji ya bomba ya Mombasa hutoka mbali na kisiwa, yakiwemo ya chemchemi za Mzima huko Tsavo na za Marere huko Shimba. Mabuu wa Trikoptera huishi ndani ya maji, na wengi wao hujijengea nyumba za mchanga na vijiti. Baadhi yao hawavumilii uchafu, na kwa ajili hiyo kuwepo kwao au kutoweka kwao ni habari ya hali ya mto. Nchini Tanzania, Lulu Kaaya na wenzake walichapisha mwaka 2015 utaratibu wa kupima afya ya mito kwa kuwatambua wanyama wadogo kama hao. Lakini utaratibu wowote wa namna hiyo unasimama juu ya jambo moja: awepo mtu anayeweza kumtazama buu, akataja sifa zake, akasema huyu ni wa jamii ile wala si wa jamii hii. Asiyeweza kueleza hawezi kupima.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi hiyo. Dai hili limerudiwa mara nyingi hata likaonekana kuwa kweli. Lakini hebu tuangalie. Mnazi mmoja humpa Mswahili kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi, na kila neno ni daraja ya ukuaji inayotambuliwa kwa sifa zake za maji, nyama na kifuu. Mikoko ambayo mgeni huiona kuwa kichaka kimoja, mvuvi na mkataji huigawa kuwa mkoko, mchu, mkandaa, muia, mlilana na mkomafi, na hawezi kuichanganya, maana mti mmoja ni wa boriti na mwingine haufai. Samaki vivyo hivyo: changu si tafi, wala kolekole si nguru. Hawa waliotuachia maneno hayo walikuwa wakifanya utambuzi, kwa macho, kwa mikono na kwa ulimi, kabla ya darasa la kwanza la Biolojia kufunguliwa katika pwani hii.

Upungufu ni mwingine. Lugha yetu imetaja kwa usahihi kile chenye kazi au chenye bei. Kaa mdogo wa mikoko haliwi, hauzwi, basi ameachwa aitwe kaa tu. Mdudu wa taani haumi wala hazai asali, basi ni mdudu tu. Sayansi hutuomba hatua moja zaidi: kukitaja hata kisicho na bei. Na kwa hatua hiyo zana tunazo. Tuna gamba, gando, papasi, taya, kiungo, kikonyo, kinundu, jino, mfuo, doa na mstari. Tuna duara, mraba, pembe na ncha. Yale machache yasiyo na neno tutayakopa kwa ada, kama tulivyokopa darubini kwa Mwajemi na jenasi kwa Mlatini. Kinachokosekana ni mazoezi.

Tena wenyeji mara nyingi huwa wametangulia. Mwaka 2005 jarida la Science lilichapisha maelezo ya nyani mpya kutoka nyanda za juu za kusini mwa Tanzania na milima ya Udzungwa, anayeitwa kipunji. Miongoni mwa waandishi wake walikuwamo Watanzania Noah Mpunga na Sophy Machaga. Jina kipunji halikubuniwa na jarida; ni jina walilokuwa nalo watu wa Rungwe. Maelezo ya kwanza yaliegemea picha za mnyama aliye hai: manyoya marefu, shungi lililosimama kichwani, uso mweusi, mlio usio wa jamaa zake. Mwaka uliofuata, baada ya kupatikana mwili wa kipunji mmoja aliyekufa mtegoni, uchunguzi zaidi ulimtenga katika jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Jina la wenyeji lilikuwapo, na mnyama alikuwapo. Kilichomwingiza katika elimu ya dunia ni maelezo.

Hapa nataka kutaja jambo ambalo walimu wengi hawalijui, na wakilijua litawapa moyo. Kanuni za majina ya wanyama hazilazimishi lugha yoyote ya kuandikia maelezo. Zinashauri itumike lugha iliyoenea miongoni mwa wataalamu wa wanyama duniani, lakini ushauri si sharti. Wenzao wa elimu ya mimea walikuwa na sharti la Kilatini kwa miaka mingi, na tangu mwaka 2012 wanaruhusu Kilatini au Kiingereza. Kwa upande wa wanyama, maelezo ya spishi mpya yakiandikwa kwa Kiswahili sanifu, yakachapishwa ipasavyo na kutimiza masharti mengine, ni halali.

Sisemi tuandike kwa Kiswahili peke yake. Huko kungekuwa kujifungia ndani na kumeza ufunguo. Mtaalamu wa Brazili au wa Japani naye anahitaji kusoma. Ninalosema ni kwamba kila spishi inayoelezwa kutoka ardhi na maji ya Waswahili iambatane na maelezo ya Kiswahili, ukurasa mmoja au miwili, yatakayoweza kusomwa na mvuvi wa Likoni, na mwalimu wa Kwale, na mwanafunzi wa Tanga. Jambo hilo halimpunguzii msomaji wa Kiingereza chochote, na humwongezea mwenyeji kila kitu.

Ili tufike huko, kazi inaanzia darasani, na haihitaji fedha nyingi. Mwalimu wa Kiswahili tayari anafundisha insha ya maelezo. Kwa nini insha hiyo iwe daima juu ya sherehe ya harusi au ajali ya barabarani? Awape wanafunzi kaa wawili wanaofanana, na kila mmoja aandike mistari kumi na mitano itakayomwezesha mwenzake kuchagua yupi ni yupi. Mwenzake akikosea, insha imeshindwa, hata kama misemo yake imepambwa vipi. Mwalimu wa Biolojia, ambaye mtihani wake wa vitendo umewataka watahiniwa kwa miaka mingi kutambua viumbe kwa ufunguo wa sifa, asahihishe vipimo na michoro. Mwalimu wa Kiswahili asahihishe lugha. Karatasi moja, alama mbili.

Wanafunzi nao wafuate adabu ya kazi. Waende topeni maji yanapokupwa, wakiwa na mtu mzima ajuaye bamvua na maji mafu. Waandike rangi ya mnyama akiwa hai. Wapime kwa rula, wasiseme mdogo au mkubwa bila kutaja milimita. Waandike mahali, tarehe na mti uliokuwa karibu. Kisha wamrudishe kaa shimoni mwake. Na wasikimbilie kutangaza spishi mpya kila wamwonapo kaa wa ajabu, maana dume na jike hutofautiana, mtoto na mzazi hutofautiana, na yaliyokwisha andikwa tangu 1758 ni mengi. Mtu huanza kwa kujua kilichojulikana.

Haraka ipo. Mikoko inayokizunguka kisiwa cha Mombasa, katika hori ya Tudor na ya Port Reitz, imekatwa na kutiwa maji machafu kwa miaka mingi. Mwaka 2005 mafuta ya meli yalimwagika katika bandari ya Kilindini na kufika mikokoni. Ajali ya namna hiyo inapotokea, huulizwa mara moja: ni hasara gani imepatikana? Boriti zitahesabiwa, samaki watahesabiwa. Lakini kiumbe ambaye hajaelezwa hahesabiwi katika hasara. Anakufa bila kuandikwa kuwa aliishi. Kabla ya 2004, samawati angeweza kutoweka katika hori nzima, na wakaguzi wangeandika kwamba guttatum wamepungua kidogo.

Kwa hiyo lililo hatarini hapa ni kubwa kuliko alama za mtihani. Taifa linalongoja wengine walieleze litaona tu yale ambayo wengine wameyapa umuhimu. Kaa mmoja amekwisha tuazima jina letu na kulipeleka mbali. Walimu na wanafunzi wa pwani wana deni la kuyaandika yaliyobaki: gamba, gando, jino na kinundu, kwa Kiswahili kilichonyooka, kaa mmoja baada ya mwingine.